Tumbo lisilopona: namna ya kutafuta jina la ugonjwa



Karibu kila kanisa lina mtu ambaye jina lake hurudi kwenye orodha ya maombi kwa sababu ya tumbo. Mara linamuuma upande wa juu, mara linajaa hewa, mara anaharisha siku tatu halafu anakosa choo siku nne. Mwaka wa kwanza aliambiwa ana gastriti. Mwaka wa pili aliambiwa ni amiba, akameza vidonge. Baadaye ikawa tifoide, akatundikiwa serumu. Sasa jirani ananong'ona kwamba alilishwa kitu. Nyumbani ana mfuko uliojaa dawa zilizobaki, na ukimuuliza anaumwa nini, hawezi kujibu.

Makala hii ni kwa ajili ya mtu huyo na kwa jamaa wanaomsindikiza. Hatuandiki ili msomaji ajitibu mwenyewe. Tunaandika ili ajue njia ya kutafuta jina la ugonjwa wake kwa utaratibu, bila kuanza upya kila anapobadilisha kituo cha afya, na bila kumaliza pesa za watoto kwa vipimo visivyojibu swali lolote.

Biblia inamjua mtu wa namna hii. Marko 5 inasimulia habari za mwanamke aliyeteseka miaka 12, akapita kwa waganga wengi, akamaliza mali yake yote na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Marko anaitaja gharama yake waziwazi, na hamlaumu kwa kutafuta matibabu. Tusiwalaumu wagonjwa wetu.

Majina matatu yanayotolewa haraka

Hapa Likasi, kama katika miji mingi ya nchi yetu, maumivu ya tumbo hupewa upesi moja kati ya majina matatu. Yote matatu ni magonjwa ya kweli. Shida ni kwamba mara nyingi jina hutolewa kabla ya uchunguzi.

La kwanza ni gastriti. Maana yake ni kwamba ukuta wa ndani wa mfuko wa chakula umewaka. Jambo hilo haliwezi kuthibitishwa kwa kubonyeza tumbo tu. Kwa miaka mingi madaktari wa dunia nzima waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi na asidi, na wagonjwa wengi walipasuliwa. Kisha huko Perth, Australia, mwaka 1982, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha mdudu aliyekuwa akiishi ndani ya mfuko wa chakula, ambaye leo anaitwa Helicobacter pylori. Wenzao wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa wadudu hao, na baada ya siku chache mfuko wake wa chakula ukawaka. Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Tangu hapo tunajua kwamba vidonda vingi vina sababu mbili kubwa: mdudu huyo, au vidonge vya maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki vinavyomezwa kila siku. Mdudu hutibiwa kwa dawa kadhaa pamoja, kwa kawaida siku 14. Anayemeza dawa ya kupunguza asidi peke yake hupata nafuu kwa muda, lakini chanzo kinabaki.

La pili ni amiba. Mtu wa maabara anapotazama choo kwa darubini, kuna amiba mbili zinazofanana kabisa. Moja huleta ugonjwa, nyingine haina madhara. Darubini ya kawaida haiwezi kuzitofautisha, isipokuwa ile mbaya ionekane imemeza chembe za damu. Kwa hiyo mtu anaweza kutibiwa amiba mara kumi kwa ajili ya mdudu asiye na kosa, huku chanzo cha maumivu kikiendelea na kazi yake.

La tatu ni tifoide. Watu wengi huambiwa wanayo baada ya kipimo cha damu kinachoitwa Widal. Kipimo hiki hutafuta alama ambazo mwili uliacha ulipopigana na mdudu. Alama hizo zinaweza kuwa za zamani, au za ugonjwa mwingine. Tifoide ya kweli ni ugonjwa wa homa inayodumu siku nyingi, na ni hatari: mwishoni mwa mwaka 2004 ililipuka Kinshasa, na mamia ya wagonjwa walitoboka utumbo. Lakini tumbo linalojaa hewa kwa miaka mitatu bila homa halifanani na tifoide. Kipimo bora ni kuotesha damu katika maabara, pale kinapopatikana.

Dalili zisizongoja

Kabla ya kuendelea, tazama orodha hii. Ukiwa na mojawapo ya dalili hizi, usingoje tena, wala usinunue dawa nyingine farmasi. Nenda hospitali:

- Damu katika choo, au choo cheusi kama lami kinachonuka sana (lakini vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma pia hufanya choo kuwa cheusi, mwambie daktari kama unavimeza)
- Kutapika damu, au matapishi yanayofanana na unga wa kahawa
- Kukonda bila kutaka
- Chakula kukwama kooni au kifuani
- Macho kuwa ya manjano
- Homa inayorudi, au jasho jingi la usiku
- Maumivu au kuharisha kunakokuamsha usingizini
- Uvimbe unaouhisi kwa mkono tumboni
- Kuishiwa damu bila sababu inayojulikana
- Shida ya tumbo inayoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, au kama mzazi au ndugu wa damu alipata kansa ya tumbo au ya utumbo

Na hizi ni za saa hiyohiyo, hata usiku: maumivu makali ya ghafla na tumbo gumu kama ubao, kutapika kusikokoma, au kukosa choo na hewa kabisa huku tumbo likivimba. Huenda utumbo umetoboka au umefunga. Mtu wa namna hiyo asipewe chakula wala dawa ya miti. Apelekwe mahali penye daktari wa upasuaji.

Daftari la wiki mbili

Kama huna dalili hizo, kipimo cha kwanza ni cha bei ndogo: daftari la shule na kalamu. Kwa wiki mbili, andika kila siku ulichokula na saa ngapi, maumivu yalianza lini, yako wapi na yalidumu muda gani, choo kilikuwaje na mara ngapi, dawa zote ulizomeza, na usingizi wako. Mama aandike pia siku zake za mwezi, kwa sababu tumbo linalovimba linaweza kutoka kwenye kizazi au kwenye mayai yake, si kwenye utumbo.

Daftari huonyesha mambo ambayo mgonjwa hakuyaona. Maumivu ya juu yanayokuja njaa ikiuma na kupungua baada ya bukari yanaelekeza mahali fulani. Maumivu makali ya upande wa kulia chini ya mbavu, yanayokuja baada ya chakula chenye mafuta mengi, yanaelekeza kwenye mfuko wa nyongo. Watu wenye anemia SS hupata mawe ya nyongo hata wakiwa vijana. Hewa na kuharisha baada ya kikombe cha maziwa vinaeleweka pia: watu wazima wengi wa Afrika ya kati hawana tena nguvu ya kusaga sukari ya maziwa. Jaribu kuacha maziwa wiki mbili, kisha yarudie. Tumbo likitulia na kuvurugika tena, umepata jibu bila kulipa kitu. Lakini usiache vyakula vingi kwa wakati mmoja. Wapo walioacha maharagi, sombe, pilipili, mafuta na nyama vyote pamoja, wakabaki dhaifu na bila jibu.

Andika pia yale tunayoyaficha. Kama unakunywa lutuku, iandike. Kama unatumia puari kuingiza dawa za miti kwa njia ya haja kubwa, iandike, kwa sababu dawa hizo, hasa zenye pilipili, zinaweza kuchoma ukuta wa utumbo. Daktari hawezi kutafuta chanzo ambacho amefichwa.

Kila kipimo na swali lake

Anzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu, halafu hospitali kuu ya rufaa ukiwa na barua ya transferi. Weka daftari lako, fishi, matokeo yote ya zamani na maboksi ya dawa katika mfuko mmoja wa plastiki, na usiende popote bila mfuko huo. Bila hayo, kila daktari mpya ataanza mwanzo, nawe utalipa mara mbili kwa kipimo kilekile.

Daktari akiandika kipimo, muulize kwa heshima maswali matatu: "Dokta, unafikiri ni nini? Kipimo hiki kitajibu swali gani? Jibu likitoka, tutabadilisha nini?" Daktari mzuri hakasiriki. Mgonjwa anayeuliza hivyo humsaidia kufikiri.

Haya ni baadhi ya majibu ambayo vipimo hutoa, na ambayo havitoi:

*Choo.* Hutafuta minyoo, giardia, amiba na mayai ya bilharzia. Wadudu hawatoki kila siku, kwa hiyo kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi. Mara nyingi huhitajika vipimo vitatu vya siku tofauti. Choo cha maji kifike maabara upesi, kikiwa bado kibichi. Damu isiyoonekana kwa macho inaweza pia kutafutwa katika choo.

*Damu.* Wingi wa damu, sukari, ini, figo, hepatiti B na VVU. Wengine hukasirika wakiombwa kupima VVU kwa ajili ya tumbo. Lakini kuharisha kwa muda mrefu na kukonda ni kati ya njia ambazo ugonjwa huo hujionyesha, na dawa zake zipo bila malipo. Kifua kikuu nacho kinaweza kukaa tumboni bila kikohozi.

*Helicobacter.* Kipimo cha choo kinaonyesha kama mdudu yupo sasa. Kile cha damu kinaweza kubaki na alama hata baada ya kupona, kwa hiyo hakifai kuonyesha kama dawa zimefaulu. Kabla ya kipimo cha choo, kwa kawaida dawa za kupunguza asidi huachwa wiki mbili na antibiotiki wiki nne; vinginevyo mdudu hujificha na matokeo hudanganya. Muulize daktari kabla ya kuacha dawa yoyote.

*Ekografia.* Huonyesha ini, mawe ya nyongo, figo, kizazi na maji tumboni. Haionyeshi kidonda ndani ya mfuko wa chakula. Wengi wamelipa ekografia, wakaambiwa kila kitu ni kizuri, wakaamini kwamba hawana kidonda. Kumbe kipimo hakikuulizwa swali hilo.

*Fibroskopia.* Ni mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa kinywani ili kuona mfuko wa chakula, na kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi. Kuna mwingine unaopitia chini ili kuona utumbo mpana. Hapo ndipo kidonda, uvimbe na kansa huonekana. Si kila mtu anayehitaji, lakini mwenye dalili za hatari anauhitaji mapema. Kama haupatikani karibu, huenda ukatumwa Lubumbashi, umbali wa kilometa 120 hivi, kwenye hospitali kubwa kama Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Kabla ya kulipa usafiri, mtu apige simu kuuliza kama mashine inafanya kazi siku hiyo, bei ni ngapi, na mgonjwa afunge kula saa ngapi.

Kazi yako na maji yako

Sisi watu wa Likasi tuna jambo moja la kuongeza. Mji wetu ulizaliwa kwa ajili ya shaba na kobalti, na viwanda vya Shituru na Panda viko katikati ya makao ya watu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wa mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti na madini mengine kwa kiasi kikubwa sana. Hiyo haina maana kwamba kila tumbo linalouma ni la madini. Lakini risasi ikiingia mwilini kwa wingi huleta maumivu makali ya tumbo pamoja na kukosa choo. Kwa hiyo mwambie daktari unafanya kazi gani, kama unaosha mawe mtoni, kama unaleta nguo za kazi nyumbani, na bustani yako ya lengalenga iko wapi.

Vilevile taja maji. Mvuvi wa ziwa Tshangalele, mama anayefua mtoni, kijana anayeogelea Lufira, wote waseme hivyo. Bilharzia ya utumbo huingia kupitia ngozi ndani ya maji hayo, na ikiachwa miaka mingi huharibu ini. Dawa yake ipo, lakini lazima mtu afikirie kuitafuta.

Vipimo vikiwa safi

Kuna wakati vyote vinarudi bila kuonyesha kitu. Mgonjwa anatoka hospitali akilia, kana kwamba ameambiwa anadanganya. Sivyo.

Kuna ugonjwa ambao madaktari wetu huuita kolopathia. Ukuta wa utumbo ni mzima, lakini mishipa ya fahamu kati ya utumbo na ubongo imekuwa myepesi kupita kiasi. Hewa kidogo ambayo mwingine hasikii, huyu inamuuma kweli. Daktari huutambua kwa utaratibu: maumivu angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yanayoendana na choo au mabadiliko ya choo, yaliyoanza miezi sita au zaidi kabla, na bila dalili zile za hatari. Wakati mwingine huanza baada ya kuharisha vibaya, na huzidi wakati wa hofu na msiba. Ndugu zetu wa Kivu na Ituri waliokimbia vita wanaweza kuelewa jambo hili kuliko wengi.

Hilo ni jina, na jina hilo lina matibabu: kula kwa saa zilezile, kupunguza vyakula ambavyo daftari limevionyesha, kutembea, kulala, kuzungumza na mtu mwenye hekima, na dawa za kutuliza utumbo daktari akiona inafaa. Haliui, wala haligeuki kuwa kansa. Lakini dalili mpya ikitokea, rudi. Matokeo safi ya mwaka jana hayajibu swali la mwaka huu.

"Alilishwa kitu"

Tuseme wazi jambo linalovunja nyumba zetu. Tumbo lisilopona linapokosa jina, watu hulipa jina la mtu: shangazi, mke wa pili, mwenzake wa kazini. Kule Bukavu husema karuho. Huku kwetu husema amelishwa sumu. Wapo wanaonywesha wagonjwa dawa za kutapisha ili "sumu itoke". Mtu mwenye kidonda akitapishwa kwa nguvu anaweza kuanza kutoka damu. Na mtu mwenye kansa iliyokuwa bado ndogo hupoteza miezi ambayo haitarudi, huku shangazi asiye na hatia akifukuzwa ukoo.

Kila siku tunayokaa bila kutafuta jina la ugonjwa, tunaacha mlango wazi kwa jina la jirani.

Kanisa lifanye nini

Paulo alimwandikia Timotheo juu ya tumbo lake na udhaifu wake wa mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alimpa shauri la kawaida la matibabu ya siku zile. Na Yesu aliwatuma wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14), ambao ndio waliokuwa na kazi ya kutazama na kuthibitisha. Maombi hayaogopi uchunguzi.

Basi tunawaomba wachungaji, wazee wa kanisa na umoja wa wamama mambo haya. Msimwambie mgonjwa atupe dawa baada ya kuombewa. Aendelee hadi daktari athibitishe. Msimlazimishe kufunga mtu mwenye kidonda au sukari. Aombe akiwa amekula. Mchagueni mtu mmoja, ikiwezekana muuguzi aliye mshirika, amsindikize, ashike ule mfuko wa karatasi, na asikie maneno ya daktari pamoja naye, kwa kuwa mgonjwa mwenye maumivu husahau nusu. Sadaka ya msaada iwe kwa ajili ya kipimo kinachojulikana na bei inayojulikana. Na habari zake zisitangazwe mimbarani bila ruhusa yake.

Wewe unayesoma huku mkono uko tumboni, anza leo jioni. Nunua daftari. Andika tarehe, ulichokula, na mahali panapouma. Baada ya wiki mbili, nenda nalo kwa daktari na uulize yale maswali matatu. Bwana akutangulie, na akupe ndugu wa kutembea nawe katika njia hiyo.